Mistari ya Mkaa Jikoni

Juzi, nikipiga gitaa, kidole changu kidogo cha kushoto kilichelewa kufika kwenye uzi, nami nikakumbuka Jumamosi moja kule Liuli. Jiko lilinukia usipa wa kukaanga, dagaa wa ziwani kwetu. Kila wiki baba na mimi tulipiga kwa gitaa skeli ileile, noti za kupanda na kushuka kwa mpangilio, kisha akachora ukutani mstari wa mkaa kwa kila mmoja, juu zaidi kwa aliyeongeza kasi. Mistari yangu ilipanda, yake ilishuka. Siku hiyo nilimpita.

“Baba, unakosea makusudi ili nishinde,” nilimcheka.

“Mwanafunzi msumbufu wewe,” alisema, akijisugua mkono wa kushoto. “Haya, mama, rudia nisikie.”

Niliamini ananipendelea, kumbe ugonjwa ulikuwa unamaliza nguvu za vidole vyake. Jana niliirudia skeli ile polepole. Kidole kilichelewa tena.