Postikadi Aliyokuwamo Baba

Nina postikadi sitini na kitu za Tanga ya zamani: mnara wa saa, gati, bustani za ufukweni, hoteli ambako mabwana wa mashamba ya mkonge walikwenda kupunga upepo. Nimeziokota hapa Korogwe kwa wauza vitabu chakavu, moja moja, kwa miaka. Watu hushangaa mwanamke wa bara, nisiyejua hata kuogelea, natafuta nini baharini. Bahari sina haja nayo. Nilikuwa namtafuta baba.

Baba alikuwa mhudumu katika mojawapo ya hoteli hizo. Alifariki ningali nabebwa mgongoni, wala hakuacha picha. Mama alinieleza kwamba mpiga picha aliwahi kuipiga picha hoteli ile kwa ajili ya postikadi, na baba akatokea ngazini, na kanzu yake nyeupe na sinia mkononi. Niliipata mvi zimeshaniota. Mama alikuwa bado hai. Aliitazama kwa muda mrefu, akaweka kidole, akasema, “Huyu.” Alikuwa mdogo kama punje ya hindi, uso hauonekani vizuri. Kwangu ilitosha.

Mume wangu nilimwonyesha mara mbili. Mara zote mbili alikuwa anasikiliza taarifa ya habari.

Mwaka juzi wakwe zetu wa Mazingara walikuja kujitambulisha, kijana wao amchumbie binti yetu. Mimi nilikuwa jikoni napakua pilau. Huko sebuleni baba wa kijana alifunua albamu yangu, akaisifia ile postikadi ya hoteli, na mume wangu, ambaye mkono wake ni mwepesi sana kwa vitu visivyo vyake, akaichomoa akampa. Nilipoingia na sahani, postikadi ilikuwa mfukoni mwa koti la mkwe. Ningefanya nini? Kumdai mkwe zawadi mbele ya wazee ni kuiharibu posa ya mwanangu. Nikamnawisha mikono, nikamkaribisha chakula. Walipoondoka nilimuuliza mume wangu kama anajua alichokitoa. Alisema ni karatasi tu, na ninazo nyingine kibao.

Ndoa ikapita. Binti alipojifungua tulikwenda Mazingara kumwona mtoto. Nilibeba postikadi mbili za mnara wa saa, safi kuliko ile, niombe kwa adabu tubadilishane. Njia nzima nilikuwa napanga maneno.

Nilipoingia niliiona ukutani, kwenye fremu ya kioo. Nikasogea. Hoteli ilikuwapo, minazi ilikuwapo, ngazi ilikuwapo nusu. Mkwe aliniona ninavyoitazama, akafurahi.

“Fremu ilikuwa ndogo, mkwe,” alisema. “Ikabidi nikate huku pembeni. Palikuwa na mtumishi kasimama na sinia, anaharibu picha.”

Nilimuuliza kile kipande kiko wapi. Alicheka kidogo, akasema labda kilifagiliwa siku ile ile.

Binti yangu akaja na mtoto, akanipakatisha. Hajui, sikuwahi kumwambia, nisimpe kinyongo na baba mkwe wake. Mume wangu alikuwa ameshaketi, anasema fremu imeitendea haki picha ile. Mkwe alikuwa bado amenigeukia, anasubiri na mimi niseme neno.

Nikasema imependeza.