Ala ya Upande wa Kulia

Katika nyumba ya mkaguzi wa majengo kulikuwa na sheria moja isiyojadiliwa: mkono wa kushoto ni wa kushikilia, wa kulia ndio wa kufanya kazi. Kijiko, kalamu, mswaki, ufunguo, vyote kulia. Aliiweka mwenyewe siku alipomkuta binti yake wa pekee, wakati huo wa miaka minne, akichora paka ukutani kwa mkono usiotakiwa. Hakumpiga. Aliihamisha kalamu kutoka mkono mmoja kwenda wa pili, mara arobaini kama si hamsini, kwa subira ya mtu anayenyoosha ukuta, mpaka mtoto akashika adabu. Ndivyo alivyoamini, na kwa miaka ishirini hakuona sababu ya kuamini vingine.

Kazini walimwita Timazi, na jina lilimkaa. Aliingia kwenye jengo, akaning'iniza uzi wake wenye kipande cha chuma, akatazama kwa jicho moja, kisha akasema "Bomoa" kwa sauti ileile ambayo wenzake husemea "Habari za asubuhi". Hakupokea zawadi. Hakunywa hata soda ya mkandarasi. Namsifu kwa hilo: wakaguzi wa namna yake wangekuwa wengi, wafu chini ya kuta wangekuwa wachache. Ila mtu anayeshinda kutwa nzima akiwa sahihi huenda nyumbani na usahihi huo mfukoni, akausambaza mezani pamoja na chakula.

Ngozi iliingia maishani mwake kwa sababu ya mkanda. Ulimkatikia kiunoni akiwa juu ya ngazi ya jengo, mbele ya waashi, na alishuka ameishika suruali kwa mikono miwili. Akaupeleka kwa fundi viatu mwenye kibanda kando ya posta. Siku hiyo fundi hakuwa na kiatu mkononi. Alikuwa ameinamia kipande cha ngozi juu ya bamba la marumaru, akigonga kigongeo chembamba kwa nyundo ya mbao, na jani lilikuwa likiinuka mshipa baada ya mshipa.

"Hiyo unaifanyaje?" akauliza Timazi.

"Mwaka ule ulipoandika kwamba kibanda changu kimeinama, hukuniuliza nakisimamishaje."

"Kilikuwa kimeinama."

"Bado kimeinama. Kaa hapo, lakini usikiegemee."

Akakaa saa nzima, mkanda ameusahau. Jumamosi iliyofuata alirudi na daftari.

Fundi alimcheka hilo daftari, kisha akamfundisha. Lowesha ngozi kwa sifongo, uiache. Ikianza kurudisha rangi yake, iguse shavuni. Ikiwa bado baridi, ndipo uchukue kisu. Ikilowa mno, mchoro unafumba. Ikikauka, kisu kinaparuza. "Na ukishakata, umekata," akasema. "Hii si kuta zako za kubomoa. Ngozi haina kifutio."

Miezi ya kwanza Timazi alikuwa mbovu kweli. Ilikuwa tamu kumtazama: mtu aliyewatoa jasho makandarasi wa mji mzima, akitokwa jasho juu ya ua moja. Alipoleta nyumbani kazi yake ya kwanza, mkewe aliigeuzageuza chini ya taa ya jikoni.

"Kabichi nzuri," akasema.

"Ni waridi, mke wangu."

"Basi ni waridi la kupikia."

Akacheka mpaka akakaa chini, na Timazi, ambaye hakuwa mtu wa kuchekwa, akajikuta naye anacheka. Chumba cha stoo kikageuka karakana. Akafanya kava la kitabu, akafanya mkanda, akafanya mkoba wa mkewe ambao mkewe aliubeba kila mahali na kuwaambia watu, "Hili nalo ni kabichi, lakini limekomaa."

Mwaka huo binti alikuwa akimaliza mafunzo ya uaskari wa hifadhi ya wanyama. Katika likizo fupi aliacha nyumbani bastola ya plastiki ya mazoezi, yenye umbo lilelile la ile atakayokabidhiwa, akamwambia baba kwamba askari wanaruhusiwa kuwa na ala yao wenyewe ya ngozi ya kuchomekea bastola kiunoni, mradi ifunike kifyatuo na iwe na kamba ya kufungia. Timazi hakupenda bunduki wala bastola. Lakini aliamini, nami naamini, kwamba silaha si pambo, na kwamba tofauti ya kwanza kati ya askari na jambazi ni ala. Akaamua binti yake asiende kituo chake cha kwanza na ala ya dukani.

Alichora unyoya wa kanga, kwa kuwa binti alipokuwa mdogo alikuwa akiokota manyoya ya kanga na kuyachomeka nyweleni. Kila doa la unyoya lilitaka pigo moja la kigongeo, na madoa yalikuwa mia mbili na kumi. Alitoboa, akashona kwa sindano mbili na uzi uliopakwa nta, akailowesha tena na kuifinyanga juu ya bastola ya plastiki kwa dole gumba mpaka kila kona ikajitokeza. Ilimchukua wiki saba. Fundi aliivuta, akaitikisa juu chini, bastola haikuanguka. "Hii," akasema, "hata mimi ningesema nimeifanya mimi." Kutoka kwake, hiyo ilikuwa medali.

Binti alifika Alhamisi jioni. Jumatatu asubuhi gari la kituo lingempitia. Baba hakuweza kusubiri hata maji yachemke. Alimletea ala sebuleni ikiwa imefungwa ndani ya taulo safi, kama mtoto mchanga.

Binti alipoona unyoya alifunika mdomo kwa kiganja. Akamkumbatia baba, akavaa mkanda, ala ikakaa kiunoni upande wa kulia. Akachomoa bastola ya plastiki. Ikakwama nusu, ikateleza, ikaanguka chini ya meza.

"Imebana kidogo," akasema haraka. "Nitaizoea, baba. Nzuri sana."

"Haijabana," akasema Timazi. "Chomoa tena."

Mama akatokea mlangoni na mwiko mkononi. "Mwambie baba yako. Au nimwambie mimi?"

"Mama, acha."

"Aniambie nini?"

Binti akatazama ala, si baba. "Mimi napiga kwa kushoto, baba. Chuoni mkufunzi aliniona nahangaika wiki ya kwanza, akaniambia nihamishe mkono. Nimekuwa wa kwanza kwa shabaha darasa zima."

"Umeanza lini kutumia kushoto?"

Mama alicheka. Hakutaka, lakini kicheko kilimponyoka. "Hajaanza, mume wangu. Hajawahi kuacha! Ukitoka tu mlangoni, kijiko kilikuwa kinahama mkono. Ukikohoa getini, kinarudi. Miaka yote hiyo tulikuwa na zamu ya kukulinda usijue, nawe ukijiona ndiye mlinzi wa nyumba."

Timazi akakaa. Akatazama mikono ya mwanawe, mmoja baada ya mwingine. Kisha akafanya kilichokuwa kigumu kwake kuliko kuchonga: hakusema "Bomoa" kwa mtu yeyote.

"Ala haigeuzwi kama soksi," akasema hatimaye. "Ukiivaa kushoto, mpini utatazama mbele; ukiigeuza, unyoya utakulalia mwilini."

"Nitaivaa hivihivi, baba."

"Uhangaike kuichomoa siku ya shida, kwa ajili ya kunifurahisha mimi? Hapana. Leo ni Alhamisi."

Ijumaa aliomba ruhusa kazini, ya kwanza tangu waanze kumjua, na ofisini wakaulizana nani amefariki. Akaenda posta. Fundi alisikiliza kisa chote, akacheka mpaka shazia, ile sindano yake nene ya kushonea ngozi, ikamdondoka.

"Mkaguzi! Umepima jengo zima, ukasahau kuuliza mlango uko upande gani!"

"Cheka umalize, kisha nisaidie."

"Kiolezo chako cha karatasi unacho?"

"Ninacho."

"Kigeuze."

"Basi?"

"Basi. Karatasi haina ubishi." Akainua godoro alilokalia, akatoa kipande cha ngozi nene alichokuwa amekificha kwa kazi yake mwenyewe. "Chukua. Lakini unahitaji mkono wa pili. Madoa mia mbili na kumi kwa siku moja, peke yako huyawezi."

Mkono wa pili ulikuwa wa binti. Baba alikata mistari, binti akashika nyundo ya mbao kwa kushoto, na Timazi akauona mkono ule ukifanya kazi kwa mara ya kwanza tangu siku ya paka. Ulikuwa mwepesi, haukutetemeka, haukukosea doa. Mara mbili baba aliinua kiganja chake kwa mazoea, na mara mbili akakirudisha pajani. Mara ya tatu binti akamwona.

"Baba, unataka kunihamishia nyundo?"

"Nafukuza nzi."

"Hakuna nzi humu."

"Basi nimemfukuza."

Mama, aliyekuwa akipaka uzi nta mlangoni, ilibidi atoke nje kucheka.

Jumamosi walishona na kufinyanga. Jumapili ala ilikauka dirishani, wakaipaka mafuta, na kila aliyepita aliigusa akijidai anahakikisha. Jumatatu binti alisimama sebuleni, akachomoa bastola ya plastiki kwa kushoto mara kumi mfululizo bila kukwama, akaiacha mezani, akavaa ala yake tupu na kwenda kukabidhiwa ya kweli. Baba alimfikisha kwenye gari. Alimpa mkono wa kushoto kumuaga. Binti akaukodolea macho, akaushika, wakatikisana kama watu waliotambulishwa leo.

Ala ya kulia haikutupwa. Timazi aliivaa kazini siku hiyohiyo, ndani yake akiwa ameingiza uzi wake wa timazi na kile kipande cha chuma. Alipoingia kwenye jengo la kwanza, waashi kumi na wawili wakainua mikono juu. "Mzee, usipige! Ukuta umenyooka!" Akapima. Kweli ulikuwa umenyooka, akawaambia hivyo.

Sheria ile haikutajwa tena nyumbani. Yeye ilimgharimu wiki saba za kazi nzuri. Binti ilikuwa imemgharimu miaka ishirini ya kula akisikilizia geti.