Mizani ya ng'ombe

Leo nimepimwa kwenye mizani ya ng'ombe.

Chekeni kwanza, halafu msome.

Nimejiandikisha mashindano ya kuogelea, baiskeli na kukimbia, yote siku moja. Basi nikaenda kwa rafiki yangu Hassan, anauza baiskeli za mitumba hapa mtaani Iftin. Nikapenda moja nyeusi ya kaboni, nyepesi, unaiinua kwa mkono mmoja.

Hassan akaishika usukani. "Walaal, ndugu yangu, hii mwisho wake kilo mia. Wewe una ngapi?"

"Tisini na tano," nikasema bila haya.

Hakubishana. Akanipeleka soko la mifugo. Dalali mmoja mzee, ambaye kazi yake ni kukadiria ng'ombe kwa macho, akanitazama toka bega hadi kiuno.

"Mia moja thelathini na nane."

Nikapanda mizani. Mia moja thelathini na nane.

"Mashallah!" soko zima likaitika. Kwetu mwili mkubwa ni neema.

Mimi nilikuwa namkumbuka baba. Naye aliambiwa mashallah kila alikopita, mpaka wiki aliyokatwa mguu kwa sababu ya sukari.

Mwezi uliopita daktari aliniambia na mimi ninayo.

(Mama, ukisoma hapa, nisamehe. Nilishindwa kukwambia uso kwa uso.)

Nimechukua baiskeli ya chuma. Nzito, gurudumu la nyuma limejaa spoki, itanibeba.

Kesho mkinikuta barabara ya Balambala nahema, tafadhali msiniambie mashallah.

Niambieni nikanyage.