Maneno Yaliyokatwa

Sinema ile ndogo ya Fairfield, mtaa wetu wa ugenini, ilinuka dawa ya kuua vijidudu na, kwa mbali, bisi za siku nyingi. Mama yangu ndiye aliyekuwa akiisafisha. Miezi ya kufungiwa ndani ilikuwa imeisha, lakini bado tulivaa barakoa, na ni watu wa nyumba moja tu walioruhusiwa kukaa pamoja. Nilikuwa na miaka kumi na minne. Baba alikuwa amefariki kwa korona katika miezi ile, na mwenye sinema, mama wa Kikorea, akatupa tiketi mimi na Bibi. Nadhani hakujua namna nyingine ya kutupa pole.

Mazishini waliruhusiwa watu kumi. Bibi, mama yake Baba, waliogopa ataambukizwa, na nafasi yake nikapewa mimi. Alibaki nyumbani akiyafuata mazishi kwenye simu iliyokwamakwama. Tuliporudi aliambiwa mambo yameenda vizuri, basi. Hakuuliza tena, na chakula akawa anakigusagusa tu.

Kabla ya filamu, mwenye sinema alisimama mbele akaeleza kwamba ni ya zamani sana, na kwamba serikali ya kwao iliikata kwa sababu ya maneno ya mwanamke mmoja. Sasa yamerudishwa. Maandishi ya tafsiri chini ya picha yalikuwa ya Kiingereza, ambacho Bibi hakukijua. Mimi nilizoea kusikia Kiswahili na kujibu kwa Kiingereza. Siku ile ilibidi nimtafsirie kwa Kiswahili.

"Ongea, mke mwenzangu," alininong'oneza, "au umemeza ulimi pamoja na bisi?"

Nikaongea, nikijikwaa. Kisha mwanamke akapiga magoti mbele ya askari. Nikasoma kimoyomoyo: mwanangu mlimzika wapi, na nani alikuwepo?

"Anasema nini?"

"Anaomba maji."

Bibi alimtazama mpaka picha ikabadilika. "Mtu wa kiu halii vile. Anamuulizia mtoto wake. Na wewe ulikuwepo. Niambie."

Nikaiacha filamu. Nilimwambia kwa Kiswahili changu kibovu kwamba mvua ilinyesha, kwamba mchungaji aliomba haraka kwa kuwa familia nyingine ilisubiri getini, kwamba kuimba kulikatazwa. Udongo wa kwanza niliutupa mimi.

"Kwa mkono huu?"

"Ndiyo, Bibi. Lakini nilivaa glavu."

Akaushika, akalia mpaka barakoa ikalowa. Hakuna aliyetunyamazisha.

Sasa mimi ni mtu mzima, natunza wazee huko St Marys. Misiba yetu imejaa watu tena. Bibi tulimzika mwaka jana, kanisa zima likiimba, na wali ukawatosha hata majirani. Kila mtu alijionea kwa macho yake, hakuna aliyehitaji kuniuliza. Nilirudi nyumbani nimechoka, Kiswahili chote kiko mdomoni, na sina wa kumsimulia.