Mahindi Yasiyokutana

Mimi ni mwalimu wa baiolojia hapa Mpemba, na ubishi nimezaliwa nao. Nikishakuwa na hakika ya jambo, ugali utapoa nikiwa bado nalieleza. Kwa hiyo mama alipogombana na mdogo wake kwa sababu ya mahindi, nilijipa kazi ya kuamua kesi ile bila kuombwa.

Kwetu Mbozi, binti akiolewa hupewa mbegu na mama yake. Bibi aliwagawia mabinti zake wawili mahindi ya kapu moja, akawaonya wasije wakaitupa mbegu ile. Mama akaolewa hukuhuku kwenye baridi, mama mdogo akateremkia Ndalambo kwenye joto. Kila mmoja akawa anatunza mbegu yake juu ya meko, kwenye moshi, mwaka hadi mwaka.

Siku moja mama akaenda Ndalambo, akakuta mahindi ya mdogo wake yanamfikia begani. Ya kwake humzidi mtu mrefu aliyenyoosha mkono. Akasema palepale, mbele ya wakwe, "Umetupa mbegu ya mama, unalima ya dukani!" Kwetu, kumwambia mtu hivyo ni kumwambia amemtupa mama mwenyewe. Wakaacha kuongea. Miaka minane.

Mimi nikasema, hili dogo. Mahindi ni yaleyale, joto tu limeyadumaza. Yakiletwa juu yatarefuka. Nikaenda Ndalambo kwa bodaboda, nikarudi na kifuko cha mbegu na mgongo unaouma. Nikaipanda kwa mama, siku moja na ya kwake, mstari kwa mstari.

"Subiri uone," nikamwambia.

Akaona. Ya Ndalambo yalibaki mafupi vilevile, tena yakatoa mbelewele, yale maua ya kileleni, wiki tatu kabla ya ya kwake. Mama alicheka mpaka akakaa chini. "Mwalimu, sasa nani amfundishe nani?" Nilinuna siku mbili.

Nikamrudia mama mdogo, kichwa chini.

"Mwanangu," akasema, "mwaka wa kwanza karibu yote yalikauka kabla ya kubeba. Machache yenye haraka ndiyo yaliyopata punje, nikapanda hayo. Mwaka uliofuata vilevile. Mimi sikuchagua. Jua lilichagua, mimi niliokota yaliyobaki."

Niliona aibu kweli. Kila mwaka naandika ubaoni "uteuzi wa asili", natolea mfano ndege wa visiwa vya mbali, kumbe uko jikoni kwetu.

Wakati wa kupukuchua, mama aliacha kazi ghafla. Hindi la Ndalambo lililokuwa mkononi mwake lilikuwa na gunzi jekundu, jekundu kabisa, kama yake yote. Mbegu za dukani tunazozijua sisi magunzi yake ni meupe.

"Ni ya mama," akasema taratibu. Kisha, "Na mbona hayakuchanganyika na yangu, yamelala mstari kwa mstari?"

"Hayakukutana, mama. Yale yalipomwaga chavua, yako hayakuwa hata na ndevu. Yako yalipochanua, ndevu za yale zilishakauka."

"Kwa hiyo ndiyo yameshaachana kabisa?"

"Bado. Ukiyapandisha kwa mkono yatazaana, ni mahindi tu. Lakini yakiachwa hivi, kila moja na majira yake, vizazi na vizazi, tofauti zitaongezeka. Mwisho hata ukiyakutanisha hayatazaa. Hapo tunasema ni spishi mbili."

"Na yalitoka kapu moja."

"Ndiyo, mama."

Akaligeuza lile gunzi mkononi. Mimi nilikuwa bado nina maelezo mengi, ila kwa mara ya kwanza maishani niliyameza. Akafuta mikono kwenye kanga.

"Nipigie mdogo wangu."

Simu ilipokelewa na kitinda mimba wa mama mdogo, msichana ambaye mama alimbeba mgongoni akiwa mchanga. Mama akachangamka, akamwita mwanangu, akauliza kama wote wazima.

"Shikamoo," yule mtoto akasema kwa adabu. "Samahani, naongea na nani?"

Mama akanitazama, macho yamejaa machozi. Iliniuma.

"Mama yako mkubwa," akajibu. "Mwite mama yako."