Walioitaja Damu Yangu

Hakuna neno lililonichosha Ujiji kama neno damu. Mwanangu akijikuna, ni damu. Akishinda chooni, ni damu. Akipiga chafya kwa vumbi la ufagio, shangazi wa mume wangu anatikisa kichwa na kusema kwa sauti ya chini, ile ya chini ambayo jirani wa nyumba ya tatu anaisikia, "Ndiyo hivyo tena, mtoto hufuata damu." Na damu yenyewe si ya mume wangu. Ni yangu mimi, niliyeletwa kutoka Ilagala.

Binti yetu alikuwa na miaka mitano. Alikuwa na pumu ya ngozi: kwenye mikunjo ya viwiko na nyuma ya magoti ngozi ilikauka, ikapasuka, ikatoa maji. Usiku nilimvalisha soksi mikononi asijichubue. Tumbo nalo lilikuwa halitulii, leo limefunga, kesho linaendesha. Kwetu sijaona mwenye maradhi hayo, lakini niliposema hivyo wifi yangu alicheka mpaka akajifuta machozi.

"Si wewe unayewafundisha watoto wa watu mambo ya kurithi? Baba mrefu, mtoto mrefu! Leo limekufika wewe, unaruka?"

Ni kweli, nafundisha baiolojia katika shule moja ya sekondari huku Rusimbi. Nilikasirika, maana alichokisema nilikuwa nimekiandika ubaoni wiki hiyohiyo.

Maneno matupu ningeyavumilia. Kilichonichemsha ni pale maneno yalipogeuka mpango. Jioni moja mume wangu alirudi kutoka kwa mama yake, akaniambia huku akiangalia mlango kwamba Jumapili kutakuwa na kikao. Kwao wanaona mimi nisizae tena. Na yeye, ikibidi, aoe mke mwingine wa kumzalia watoto wazima.

"Na wewe unaonaje?" nikamuuliza.

Akasema tuwasikilize wakubwa. Mwanamume mzima, mwenye ndevu, ananiambia tuwasikilize wakubwa!

Kabla ya Jumapili nilimpeleka mtoto hospitali, Kigoma mjini. Daktari alikuwa mama wa makamo, hana haraka. Alimkagua mtoto, kisha akauliza amekunywa antibayotiki mara ngapi tangu azaliwe. Nikamtajia zile ninazozikumbuka.

"Na zile usizozijua?" akauliza.

Swali hilo lilinigusa, maana najua tunavyoishi. Mtaani kwetu dawa haimalizwi. Mtu akipata nafuu siku ya pili, vidonge vilivyobaki vinaingia kwenye kopo kabatini, na kuanzia hapo vinaazimwa kama chumvi. Rangi mbili, yaani kile kidonge cha ganda lenye rangi mbili, kinafunguliwa, unga wake unanyunyizwa kwenye kidonda au unakorogwa kwenye uji wa mtoto. Na mtoto wa ndugu akija kukutembelea, akaharisha kwako, ukamrudisha kwao bila kumpa kitu, utasemwa kwamba humpendi. Kumpa dawa ni ukarimu, sawa na kumpa soda.

Daktari akanieleza taratibu. Tumboni mwetu wanaishi bakteria wengi mno, na wengi wao ni wenyeji wema. Wanakula yale mabaki ya chakula tusiyoweza kuyasaga wenyewe, na wanachokitoa kinapenya mpaka ndani ya seli zetu, kikachangia kuamua jeni ipi ifanye kazi na ipi inyamaze. Jeni ni zilezile ulizozaliwa nazo, ila utendaji wake unabadilika. Kinga ya mtoto mchanga inajifunza kazi kwa wenyeji hao. Ikikosa malezi hayo, inaweza kuanza kupigana na vumbi, na maziwa, na hata ngozi ya mwenyewe. Na antibayotiki ikiingia inafyeka wabaya na wema kwa pamoja. Ikitolewa ovyo, unabaki na hasara tu.

"Sikuapii kwamba ni dawa peke yake," akasema. "Urithi nao umo, tena wa pande zote mbili. Lakini anayekwambia ni damu yako tu, anakuonea."

Nililia kwenye bajaji njia nzima. Sikulia kwa huzuni. Ilikuwa hasira, na dereva maskini akapunguza sauti ya redio akidhani nimefiwa.

Jumapili baada ya alasiri tulikaa mkekani sebuleni kwa mama mkwe: yeye, shangazi, wifi, mume wangu na mimi. Mtoto alikuwa uani anacheza. Shangazi alifungua kikao kwa dua, kisha akaingia moja kwa moja kwenye damu. Aliizungumza damu yangu kama mtu anayezungumzia mchele wenye mchanga. Nilimwacha amalize. Nikaomba ruhusa, nikawaamkia upya, nikasema nina ombi moja: kila mmoja aseme ni dawa gani amewahi kumpa mtoto huyu.

Wakashindana! Hawakujua kwamba ni kesi, walidhani wanahesabiwa fadhila.

"Yule pasipo mimi angekuwa hai?" shangazi akasema. "Kila akija kwangu tumbo likimwendesha, nusu ya rangi mbili kwenye uji. Anatulia palepale."

Wifi akasema yeye alikuwa akimpa dawa ya maji iliyobaki ya mwanawe, ile ya nimonia, tamu, mtoto mwenyewe alikuwa anaiomba. Mama mkwe akawapita wote: yeye alianza na kitovu kibichi, akakinyunyizia unga wa rangi mbili, na kila jino lilipotoka akamtilia kidogo kwenye maziwa.

Nikawaambia zote hizo ni antibayotiki. Kila mmoja alikuwa akitoa bila kujua mwenzake katoa. Kisha nikamgeukia mama mkwe.

"Mama, muhogo mchungu tunauloweka kwa nini?"

"Uchachuke, ulainike, uchungu utoke," akajibu.

"Vijidudu vya kwenye maji yale vina kazi humo. Sasa mtu akija kila siku akamwagia dawa ya kuviua ndani ya ndoo yako, muhogo ukabaki mchungu, utasema shamba lina damu mbaya?"

Shangazi akapandisha sauti. "Kwa hiyo sisi ndio tumemroga mtoto wetu?"

"Hapana, shangazi. Mlimpa kwa mapenzi, nami sijakataa. Lakini msiniletee habari ya damu yangu na mke mwingine hapa, wakati hamjui hata nyinyi wenyewe mmemnywesha nini."

Mama mkwe akamtazama mwanawe, aliyekuwa hajafungua mdomo tangu tuketi.

"Na wewe baba yake, haya yote ulikuwa huyajui?"

Mume wangu akachezea ukingo wa mkeka. "Hata mimi nilikuwa nampa," akasema. "Asubuhi, mama yake akishaondoka kwenda shuleni. Nilinunua rangi mbili dukani, vidonge viwili viwili. Nilijua atagomba."

Hao wengine angalau hawakuwahi kunificha. Huyu alinisikia miezi na miezi nikijiuliza nilikula nini nikiwa mjamzito, nilikosea wapi. Akanyamaza. Akakubali kuja kukaa kwenye kikao cha kuihukumu damu yangu, na vidonge alinunua yeye. Machozi yakanitoka bila ruhusa yangu.

"Basi, mwanangu," mama mkwe akasema, amenishika goti. "Yamekwisha. Hakuna atakayeoa. Tusameheane."

Kabla sijamjibu, binti yangu akasimama mlangoni. Alituona tumekaa vile, akaniona ninalia. Akarudisha mikono nyuma, akaificha.

"Mama," akauliza, "ni damu yangu tena?"

Wote wakaniangalia mimi. Nikamwonyesha baba yake.

"Mjibu," nikasema.