Mageti ya Sulaimani Katika Picha ya Oloo

Oloo alikuja Kampala kutoka Kisumu miaka tisa iliyopita, na riziki yake ni picha za harusi, za pasipoti, na za vyakula vinavyobandikwa ukutani katika mikahawa ya Kabalagala. Lakini kazi anayoipenda haina mteja. Hupanda mahali palipoinuka, akaupiga picha mji kutoka juu, kisha kwenye kompyuta akatia ukungu upande wa juu na wa chini wa picha na kukoza rangi za katikati. Hapo soko zima la Owino huonekana kama limepangwa mezani na mtoto: vibanda kama viberiti, watu kama punje za maharagwe.

Mwaka jana Sulaimani, Mnubi anayetengeneza mageti Katwe, alimwomba picha. Tajiri mmoja wa Juba alikuwa akijenga shule na alihitaji mageti kumi na mawili, ila kwanza alitaka kuiona karakana. Sulaimani alikuwa amewaahidi mafundi wake wawili, Bonny na Nasif, kwamba kazi hiyo ikija hakuna atakayeondoka.

Oloo alipiga picha kutoka juu ya paa la jirani. Ilitoka safi, na ilitosha. Lakini aliniambia, bila kuinua uso, kwamba aliona aibu kutuma kitu ambacho mtu yeyote mwenye simu angeweza kukipiga. Akaitia ukungu wake, akakoza wekundu wa mageti, akaituma Juba moja kwa moja. Sulaimani hakuomba kuiona. Alimwamini.

Siku ya tatu tajiri akampigia Sulaimani. Alisema vile vigeti vya mfano vimempendeza sana, na hata vile visanamu vya mafundi vimefinyangwa kwa ustadi. Ila yeye shule yake ina watoto wa kupita getini, kwa hiyo kazi amempa mtu mwenye karakana.

Oloo aliituma picha ya asili saa ile ile, pamoja na maelezo marefu. Tajiri akajibu kwa upole kwamba chuma kimekwisha kukatwa.

Mwisho wa mwezi Bonny aliondoka. Kesho yake asubuhi Oloo akaenda Katwe kuomba radhi. Alimkuta Sulaimani akipaka geti rangi.

“Mzee, nilitaka ipendeze.”

“Imependeza, ssebo. Amesifu mpaka mafundi wangu wa udongo.” Sulaimani akaweka brashi chini. “Lete simu yako. Simama pale kando ya geti, unyooshe mkono juu. Kuna mtu wa Gulu ameuliza, ajue urefu wake.”

Oloo akasimama, mkono juu, vidole havijafika ukingo wa geti. Sulaimani akapiga mara moja, akaitazama picha kwa muda, akamrudishia simu.

“Itume hivyo hivyo,” akasema. “Usiiguse.”